Tairi Pana na Masikio ya Jirani

Mwaka 1845 kijana wa Kiskoti aitwaye Robert William Thomson, mwenye umri wa miaka 23, alipata hataza ya gurudumu lililozungukwa na mkanda wa upepo. Alitaja faida tatu za uvumbuzi wake: gari lingevutwa kwa nguvu ndogo, abiria angesafiri bila kutikiswa sana, na kelele ya magurudumu ingepungua. Hiyo faida ya tatu haikuwa pambo la maneno. London ya wakati ule ilikuwa mji wa magurudumu ya mbao yaliyovishwa pete za chuma, yakigonga mawe ya barabara usiku na mchana, na palipokuwa na mgonjwa mahututi, jamaa zake walimwaga majani makavu barabarani mbele ya nyumba ili magari yapite bila kishindo. Mwaka 1847 Thomson aliyaonyesha magurudumu yake katika bustani ya Regent's Park: mfuko wa turubai lililopakwa mpira, umejazwa upepo na kufunikwa kwa ngozi. Yalifanya kazi vizuri, lakini yalikuwa ghali na hayakupata soko. Inafaa kuanza naye kwa sababu mjadala wa leo kuhusu mngurumo wa matairi ya magari ya spoti huendeshwa kana kwamba kelele ni maumbile ya mpira, jambo ambalo mtu hana budi kulikubali. Sivyo. Tairi la upepo lilizaliwa na ahadi ya utulivu kwa kila aliyekuwa barabarani na kando yake. Ahadi hiyo iliachwa hatua kwa hatua, kwa maamuzi ya watu wanaojulikana, na utulivu uliopatikana baadaye umefungiwa ndani ya gari.

Hatua ya kwanza ya kuiacha ilikuwa mbio. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alipovumbua upya tairi la upepo mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, hakujua kwamba Thomson alikuwa ametangulia; hataza yake ikaja kubatilishwa kwa sababu hiyo. Kilicholitangaza tairi lake ni ushindi katika mashindano ya baiskeli. Ndugu wawili Michelin, André na Édouard, nao waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mbio za Paris–Bordeaux–Paris mwaka 1895. Tangu hapo tairi likawa linapimwa kwa mwendo, kwa kushika barabara na kwa kudumu. Mwaka 1904 kampuni ya Continental ya Ujerumani ilitoa tairi la gari lenye uso uliochorwa mifereji, ambalo halikuwa kipara tena, na hapo ndipo chanzo kimojawapo cha kelele tunayoizungumzia kilipoingia.

Tulitazame tairi hilo kwa karibu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde uso wa tairi unapita juu ya mita 22 za lami. Ikiwa vipande vya mpira vilivyotenganishwa na mifereji vimepangwa kwa nafasi ya sentimita tatu, basi vipande zaidi ya 700 vinaipiga barabara katika sekunde hiyo moja, na sikio husikia mapigo hayo kama sauti moja nyembamba inayolia mfululizo. Kila kipande kinapobanwa, hewa iliyomo mferejini hufinywa na kutoka kwa nguvu. Kinapoinuka upande wa nyuma, hewa hufyonzwa tena. Mifereji mirefu chini ya tairi nayo huwa mabomba yaliyo wazi pande zote mbili na kutoa mlio wa kama hezi 1,000, palepale ambapo sikio la binadamu husikia vizuri. Mwisho kuna kona ile inayobanana pale mpira unapokutana na lami, mbele na nyuma ya mguso: kadiri tairi linavyokuwa pana, ndivyo kona hiyo inavyofanya kazi kama tarumbeta, ikichukua sauti ndogo na kuirusha mbali. Watafiti Ulf Sandberg wa Sweden na Jerzy Ejsmont wa Poland waliyaeleza haya yote kwa kina katika kitabu kikubwa walichokitoa mwaka 2002, na kwa anayekisoma, upana wa tairi hauwezi tena kuonekana kama jambo la urembo tu.

Wahandisi walilijua tatizo hili mapema. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa wakivuruga mpangilio wa vipande makusudi, kimoja kifupi, kinachofuata kirefu kidogo, ili mapigo yasirudi kwa muda ule ule na sauti ile nyembamba isambae iwe mvumo. Mbinu hiyo ilikuja kuwekewa hesabu na kompyuta, na hadi leo karibu hakuna tairi la gari dogo linalotengenezwa bila kuitumia. Lakini ieleweke inachokifanya: inasambaza nguvu ya sauti katika masafa mengi, haipunguzi sana nguvu yenyewe. Sauti inaacha kuudhi, huku kiasi chake kikibaki karibu pale pale. Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu, maana injini na ekzosi vilikuwa vikipiga kelele kuliko tairi. Sheria ya kwanza ya Jumuiya ya Ulaya ya kelele za magari, ya mwaka 1970, iliruhusu gari dogo desibeli 82. Katikati ya miaka ya 1990 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 74. Injini ikanyamaza, na tairi likasikika. Siku hizi, gari likienda mwendo usiobadilika wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, kelele kubwa zaidi hutoka chini ya matairi.

Ni katika kipindi hicho hicho, injini zikipunguziwa sauti, tairi la gari la spoti lilipotanuka kupita kiasi. Muundo wa radiali, ambao Michelin waliutoa sokoni mwaka 1949, ulitenganisha kazi ya ubavu wa tairi na ya uso wake, na hivyo ukafungua njia ya matairi mafupi na mapana. Pirelli walitengeneza P7 mwaka 1974 kwa ajili ya gari la mashindano ya rali, Lancia Stratos, na muda si mrefu likavishwa magari ya barabarani kama Porsche 911 Turbo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Lamborghini Countach. Mwaka 1974 gari hilo lilitoka kiwandani na matairi ya nyuma yenye upana wa milimita 215. Mwaka 1978 gari lile lile, kwa jina la LP400 S, lilikuwa na P7 za nyuma za milimita 345. Porsche 911 ilianza mwaka 1964 na matairi ya milimita 165. 911 Turbo S ya mwaka 2020 ilikuwa na matairi ya nyuma ya milimita 315. Baadhi ya upana huo unahitajika kweli, kwa kuwa gari lenye nguvu kubwa za farasi lisiloshika barabara ni hatari. Ila mtu asiniambie kwamba Countach iliyopita mtaani mwaka 1978 ilihitaji milimita 130 zaidi ya ile ya 1974 ili kufika sokoni na kurudi. Tairi pana lilikuwa limeshakuwa sura ya gari, kitu cha kutazamwa kikiwa kimeegeshwa.

Sheria ilipofika, ilikuta tairi pana limeshazoeleka, nayo ikalipa haki yake. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001 lilipima kelele ya tairi kwa njia nzuri: gari linapita likiwa limezimwa injini, kwa kilomita 80 kwa saa, na vipaza sauti vimewekwa mita 7.5 kutoka katikati ya njia. Lakini kikomo kilipangwa kwa ngazi za upana. Kanuni mpya ya mwaka 2009 ilivibana viwango hivyo, ila ngazi zikabaki tano: tairi lisilozidi milimita 185 linaruhusiwa desibeli 70, na lililozidi milimita 275 linaruhusiwa 74. Tairi lililoimarishwa kubeba uzito zaidi huongezewa desibeli moja, na matairi mengi ya magari ya spoti yamo katika kundi hilo. Desibeli tano si kitu kidogo, kwa sababu kila desibeli tatu ni nguvu ya sauti mara mbili. Kwa maneno mengine, aliyenunua tairi pana ameruhusiwa kumimina mtaani nguvu ya sauti zaidi ya mara tatu ya ile anayoruhusiwa mwenye gari la kawaida. Hata kanuni ya mwaka 2014 ya kelele ya gari zima inayapa ngazi yake ya juu magari yenye nguvu nyingi kulingana na uzito wake na viti vilivyo karibu na ardhi.

Je, teknolojia ya utulivu haipo? Ipo, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi ina mlio wake, wa karibu hezi 200, unaopita kwenye ringi na kupanda hadi kwenye bodi ya gari. Wahandisi wa Kijapani waliueleza kwa makini mwaka 1990. Matairi yenye ubavu mfupi na mgumu huupitisha mlio huo kwa urahisi zaidi, hivyo wenye magari ya spoti na magari makubwa ya kifahari wakalalamika. Jibu lilikuja: sponji inayobandikwa ndani ya tairi, ambayo leo inauzwa na Pirelli, Continental, Michelin na wengine, na ringi za Honda zenye vyumba vidogo vya kumeza sauti. Ni kazi ya ustadi, na abiria hupata nafuu ya kweli. Lakini mlio wa ndani ya tairi hauna uzito mkubwa katika kelele inayomfikia mtu wa nje, kwa hiyo sponji hiyo haimsaidii. Anayelala chumba kinachoelekea barabarani anasikia kilekile alichokisikia kabla haijabandikwa.

Watetezi wa tairi pana wana majibu, na yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni usalama: tairi tulivu, wanasema, haliwezi kushika lami iliyolowa. Lingekuwa jibu zito kama lingekuwa kweli. Muungano wa maabara za barabara za Ulaya, FEHRL, uliichunguzia Tume ya Ulaya suala hili mwaka 2006 na haukuona mgongano wa lazima kati ya utulivu na usalama. Uliona pia kwamba viwango vya 2001 vilikuwa vimelegea mno. Na tangu Novemba 2012, kila tairi jipya la gari dogo linalouzwa Ulaya hubeba lebo ya kelele na ya kushika barabara yenye maji, na mnunuzi anaweza kujionea mwenyewe matairi yenye alama nzuri kwa yote mawili.

Jibu la pili ni kwamba mpenzi wa gari la spoti anapenda sauti. Anapenda sauti ya injini. Mwaka 2011 BMW walitoa M5 mpya ambayo spika zake hurudisha mlio wa injini ndani ya gari, kwa sababu chumba cha abiria kilikuwa kimezibwa mno dhidi ya kelele za nje. Kiwanda kinachoziba mvumo wa lami kisha kikarudisha mlio wa injini kwa spika kimeshasema ni sauti gani ambayo mteja wake haitaki. Jibu la tatu ni kwamba kosa ni la barabara, na lina ukweli mwingi: lami yenye matundu madogo, kama iliyotandazwa kwenye barabara kuu za Uholanzi, hupunguza kelele sana, na barabara za kokoto zilizomwagwa juu ya lami, kama nyingi za Tanzania na Kenya, huiongeza. Lakini barabara hugharimiwa na walipa kodi wote, na hudumu miaka mingi kabla ya kutandazwa upya, wakati tairi hubadilishwa kila baada ya miaka michache na hulipiwa na anayelitumia.

Husemwa pia kwamba magari ya spoti ni machache. Ni machache, lakini matairi yao hayakubaki kwao. Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976 ilikuwa na matairi ya milimita 175. Ya leo ina 225 au 235. Magari marefu ya familia yanatoka kiwandani na matairi ambayo miaka ya 1970 yangeonekana kwenye uwanja wa mbio tu. Shirika la Mazingira la Ulaya lilikadiria mwaka 2020 kwamba watu milioni 113 barani humo wanaishi penye kelele za barabarani za desibeli 55 au zaidi kwa wastani wa mchana, jioni na usiku, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza mwaka 2018 kwamba wastani huo usizidi 53, na wa usiku usizidi 45.

Magari ya spoti ya umeme, kama Porsche Taycan iliyotoka mwaka 2019, yameondoa kisingizio cha mwisho. Hayana ekzosi ya kulaumiwa. Yana uzito mkubwa na matairi mapana, na kwenye mwendo wa barabara kuu yanasikika kwa mpira wake. Ngazi tano za upana ziliwekwa wakati ekzosi ilikuwa bado ipo ya kulaumiwa. Sasa tairi ndilo sauti ya kwanza, na kinachotakiwa kufanywa kinaeleweka: kikomo kimoja kwa matairi yote ya magari madogo, kiwe desibeli 70, kipimwe mita zile zile 7.5, na kiwanda kinachotaka kuuza milimita 315 kitumie ustadi ule uliobandika sponji kwa ajili ya abiria kuitafutia dawa ile kona ya mpira na lami inayorusha sauti nje.