Jirani wa Pua ni Jicho

Saratani ya tundu la pua ni adimu. Katika nchi nyingi haimpati hata mtu mmoja katika kila watu laki moja kwa mwaka. Lakini inapofika kwa daktari wa mionzi humtoa jasho, kwa sababu ya ujirani. Juu ya pua uko ubongo, kando yake macho mawili, na nyuma kidogo hukutana neva zinazoupelekea ubongo habari za macho. Kuuangamiza uvimbe huhitaji grei (kipimo cha dozi) 60 hadi 70 za mionzi, ilhali neva hizo zikivuka grei 55 hivi upofu huanza kunyemelea. Lenzi ya jicho huharibika kwa dozi ndogo zaidi. Kwa maoni yangu, historia nzima ya kupanga tiba hii ni historia ya kulinusuru jicho.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895, na muda si mrefu madaktari wakaanza kuitumia dhidi ya uvimbe huku wakikadiria dozi kwa wekundu wa ngozi ya mgonjwa. Eksirei za wakati ule zilikuwa dhaifu. Ngozi iliungua kabla uvimbe wa ndani haujapata haki yake. Mashine za kobalti zilizoanza kutibu wagonjwa nchini Canada mwaka 1951, na mashine ya kuharakisha elektroni iliyofuata katika hospitali ya Hammersmith, London, mwaka 1953, zilimaliza tatizo la nguvu. Likabaki la shabaha.

Kwa miongo kadhaa tiba ya pua ilikuwa miale mitatu: mmoja wa mbele na miwili ya ubavuni, hii ya ubavuni ikipitishwa kwenye kabari ya chuma ili dozi isirundikane upande mmoja. Mpangaji aliukunja waya laini usoni pa mgonjwa, akalihamishia umbo lake kwenye karatasi, kisha akalaza juu yake chati za mistari ya dozi. Chati hizo zilitokana na vipimo vilivyofanywa ndani ya maji. Kichwa si maji: kina mfupa, na pua yenyewe imejaa hewa.

Kasoro hiyo ilimkera Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1956 aliazimwa na hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, siku moja na nusu kwa wiki, akawekwa idara ya mionzi. Akajiuliza: mbona hatupimi kwanza kilichomo ndani ya mwili? Mwaka uliofuata alipitisha miale ya kobalti kwenye kipande cha alumini kilichozungushiwa pete ya mbao, akapiga hesabu. Majibu yakaonyesha kitu cha ajabu katikati. Alipowauliza mafundi wa karakana, wakamwambia kuwa ndani ya alumini ile walikuwa wamechomeka kijiti cha alumini safi. Hesabu ilikuwa imeona kisichoonekana kwa macho. Makala zake za 1963 na 1964 hazikushtua watu. Ilipofika 1971, Godfrey Hounsfield, bila kutegemea kazi hiyo, alimpima mgonjwa wa kwanza kwa CT-scan, mashine inayochora ndani ya mwili kwa eksirei na hesabu, huko London, na mwaka 1979 wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel. Watu husahau kwamba mbegu moja ya CT-scan iliota katika chumba cha kupangia mionzi, tena Afrika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Katika miaka ya 1980 Anders Brahme wa Sweden aliigeuza kazi juu chini: badala ya kuchagua miale kisha kuona dozi imeangukia wapi, iambie kompyuta dozi unayoitaka, yenyewe itafute miale. Ndiyo chimbuko la IMRT, ambapo vibamba vya chuma husogea ndani ya mwale na kuupa nguvu tofauti sehemu kwa sehemu kulingana na umbo la uvimbe. Mwaka 2008 Karl Otto wa Canada alieleza VMAT: mashine humzunguka mgonjwa huku ikitoa mionzi. Kwa pua, mipango ya mbinu hizi mbili haipishani sana. VMAT hushinda kwa muda, na dakika si haba kwa mtu aliyebanwa uso kwenye barakoa ya plastiki. Protoni, chembe zinazoweza kutumika badala ya eksirei, husimama zinapofika mwisho wa safari yake, kwa hiyo huokoa zaidi kilichoko nyuma. Lakini zinadai gharama kubwa, na pua huwaponza wapangaji wake: kamasi ikijaa leo na kukauka kesho, protoni husimama pengine.

Faida ni ipi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichunguza wagonjwa wao wa saratani za pua na sinasi (matundu ya hewa yanayoizunguka pua) waliotibiwa kuanzia 1960 hadi 2005. Madhara makubwa ya baadaye yalishuka kutoka asilimia 53 katika miaka ya 1960 hadi asilimia 16 mwishoni. Waliokuwa hai baada ya miaka 5 walibaki karibu nusu, muongo baada ya muongo.

Ubora wa mpango, basi, uliokoa macho kuliko ulivyookoa maisha. Maisha yanaokolewa mapema zaidi, kabla mgonjwa hajalala chini ya mashine. Miaka ya 1960, madaktari wa eneo la High Wycombe, Uingereza, walibaini kwamba mafundi samani walikuwa wakiugua saratani hii kupita kiasi, na leo vumbi la mbao limo katika orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani. Seremala wa Keko au Gikomba, vaa barakoa unaporanda na kupiga msasa. Na pua ikiziba upande mmoja kwa wiki kadhaa, au ikitoka damu mara kwa mara, usiite mafua. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.