Wenye Punda Walipoandamana

Mwishoni mwa Februari 2020, wenye punda kutoka sehemu mbalimbali za Kenya waliingia Nairobi na mabango yao, wakaelekea kwenye ofisi za Wizara ya Kilimo. Dai lao lilikuwa moja: vichinjio vya punda vifungwe. Waziri wa wakati huo, Peter Munya, aliwasikiliza, akatangaza kwamba serikali itaifuta kanuni iliyomweka punda katika orodha ya wanyama wa kuchinjwa. Wenye vichinjio walipewa mwezi mmoja kuachana na punda, na waliotaka waligeukie soko la mifugo mingine.

Waandamanaji hao walikuwa wachota maji, wachukuzi wa mchanga na mpunga, na akina mama ambao bila punda hawafiki sokoni. Kwa zaidi ya miaka 100 watu wa aina yao walikuwa upande wa pili wa harakati za ustawi wa wanyama. Wao ndio waliofundishwa, wakakaripiwa na kutozwa faini kwa kumchapa punda na kumlimbikizia mzigo. Safari hii wao ndio waliokuja kumtetea. Namna mshtakiwa alivyogeuka wakili ndiyo historia inayostahili kusimuliwa, kwa kuwa inaeleza ni kwa nini harakati za aina hii hukwama mahali pengine na kushika mizizi mahali pengine.

Chama, sheria na faini

Nairobi ilikuwa mji wa mabati uliozuka kando ya reli miaka 11 tu kabla, pale kilipoanzishwa, mwaka 1910, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama wa Afrika Mashariki. Kilichowasukuma waanzilishi ni hali ya ng'ombe waliokokota magari ya mizigo. Chama hicho ndicho kinachojulikana leo kama KSPCA. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1960, Kenya ilikuwa na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayoharamisha kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita uwezo wake au kumfanyisha kazi hali ni mgonjwa. Tanzania ilipata Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.

Sheria hizo zilihitajika na bado zinahitajika. Lakini sheria ya namna hiyo huanzia kwenye kosa na kuishia kwenye faini. Humkuta mchukuzi barabarani akiwa na fimbo mkononi; haimuulizi tajiri mwenye shehena kwa nini analipa kwa safari na si kwa siku, jambo linalomlazimu mchukuzi kurundika magunia ili safari ziwe chache. Wala haimfundishi mtu kwamba kidonda cha mgongoni hakikuletwa na ukaidi wa punda, kimeletwa na kamba ya nailoni iliyomkata. Waswahili walikwisha kusema, punda afe mzigo ufike, na uchumi wa barabarani uliutekeleza usemi huo neno kwa neno.

Lamu yajaribu njia nyingine

Mabadiliko ya kwanza ya kweli yalitokea mahali ambapo bila punda mji ungesimama. Vichochoro vya Lamu havipitishi gari. Mawe ya matumbawe, mchanga, saruji na boriti hutoka ufukoni hadi penye ujenzi mgongoni mwa punda. Mwingereza Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha shirika la The Donkey Sanctuary mwaka 1969, alifika huko, na mwaka 1987 shirika lake likafungua zahanati ya punda mbele ya bahari, karibu na gati. Matibabu yalikuwa ya bure.

Punda waliletwa na vidonda vya shogi, kwato zilizorefuka, minyoo, na matumbo yaliyoziba kwa mifuko ya plastiki waliyoila majalalani. Dawa zilisaidia, ila lililokuwa na nguvu zaidi pengine ni mashindano ya kila mwaka ya kumtafuta punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Mji wa Lamu ulikuwa tayari na mbio za punda wakati wa sherehe za Maulidi, na mwenye punda wa mbio alikuwa na jina lake mtaani. Sasa hata punda wa mchanga aliweza kumpatia bwana wake sifa. Kijana aliyekuwa akikwepa askari alianza kumpitisha punda wake mbele za watu, mgongo safi, aone nani atamshinda. Hapo ndipo ustawi wa mnyama ulipoanza kuhama kutoka kwenye hofu ya faini hadi kwenye fahari ya mwenye mali.

Hata hivyo zahanati ilibaki ya wafadhili. Wangeondoka, nayo ingefungwa.

Vikundi vya bara

Bara, kazi ilichukua sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa zana za kilimo waliunda mtandao wa KENDAT, uliojishughulisha na wanyama wa kukokota: jembe lipi linamfaa ng'ombe, mkokoteni upi unamfaa punda, matandiko yapi hayamchubui. Lilikuwa swali la ufundi kabla ya kuwa swali la huruma. Baadaye KENDAT ilishirikiana na Brooke, shirika lililotokana na hospitali ya farasi na punda iliyofunguliwa Cairo mwaka 1934 na Dorothy Brooke. Ushirikiano huo ulizaa mpango ulioitwa Heshimu Punda, uliofika maeneo kama Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, na Limuru.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kawaida. Weka kitambaa au gunia lililokunjwa chini ya kamba. Sawazisha mkokoteni ili uzito usiegemee shingoni. Mnyweshe punda kabla ya safari na baada yake. Usimfunge mkokoteni jike aliyekaribia kuzaa. Matokeo yalionekana kwenye pesa, maana punda asiye na kidonda hufanya kazi siku zote za wiki. Wenye punda walijiunga katika vikundi, wakachagua viongozi, wakaweka akiba ya pamoja ya chanjo na dawa, na wengine wakajifunza kushona matandiko na kuwauzia wenzao.

Wakati huo hakuna aliyeviita vikundi hivyo harakati. Vilifanana na chama cha akiba na mikopo kuliko na kundi la wanaharakati. Lakini vilikuwa na orodha za wanachama, mikutano ya mara kwa mara, na wasemaji waliozoea kusimama mbele ya chifu. Miaka michache baadaye orodha hizo zilikuja kuwa na thamani ambayo hakuna aliyeitarajia.

Biashara ya ngozi

Nchini China kuna dawa ya asili iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka itoe gundi. Ilikuwa dawa ya watu wachache. Watu wa tabaka la kati walipoongezeka, ikawa bidhaa ya wengi. Punda wa China, waliokuwa milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipungua hadi chini ya milioni 3 katika muda wa miaka 30. Wanunuzi wakageukia Afrika, yenye karibu theluthi mbili ya punda wote duniani.

Punda hafugiki kama kuku. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, ambaye huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuweza kazi. Ndiyo maana hakuna shamba lililoweza kutosheleza soko hilo. Njia rahisi ilikuwa kuwanunua au kuwaiba waliokwisha kukua.

Kenya ilimruhusu punda kuchinjwa kwa ajili ya nyama kwa kubadili kanuni mwaka 2012. Kuanzia mwaka 2016 vikafunguliwa vichinjio vinne: Mogotio katika Baringo, Naivasha, Machakos na Lodwar katika Turkana. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, lilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Hao walikuwa asilimia 15.4 ya punda wote nchini. Walikuwa wakichinjwa kwa kasi ya asilimia 5.1 kwa mwaka, ilhali uzazi ulikuwa asilimia 1.04. Watafiti walionya kwamba kwa mwendo huo punda wangekwisha kufikia mwaka 2023. Sensa nazo zilisema hivyo hivyo: punda milioni 1.8 mwaka 2009, takriban milioni 1.2 mwaka 2019.

Takwimu hizo zilipotoka, kijijini habari ilikuwa imeshafika kwa njia chungu zaidi. Watu waliamka wakakuta zizi tupu, au mzoga uliochunwa ngozi na kuachwa kichakani. Familia iliyompoteza punda ilirudi kubeba mitungi mgongoni, na mara nyingi mgongo huo ulikuwa wa mama au wa binti aliyepaswa kuwa shuleni. Kununua mwingine haikuwa rahisi, kwa kuwa kichinjio kilikuwa kimepandisha bei.

Hapo vile vikundi vya akiba vikawa na kazi mpya. Wanachama walipanga zamu za kulinda usiku. Waliandika idadi ya waliopotea, tarehe na mahali, wakapeleka taarifa polisi na kwa machifu. Mashirika kama Brooke yalisaidia kukusanya taarifa hizo pamoja na kuzifikisha kwa wabunge na waandishi wa habari. Mwaka 2017 The Donkey Sanctuary ilitoa ripoti kuhusu biashara ya ngozi duniani, na mwaka 2019 picha zilizopigwa kwa siri ndani ya kichinjio nchini Kenya zilionyesha punda wakipigwa vibaya kabla ya kuchinjwa. Picha ziliwafikia watu wa mbali, lakini ni zile hesabu za usiku zilizowapa waandamanaji wa Februari 2020 jambo la kumwambia waziri.

Mahakamani, kisha barani

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja. Vichinjio viliajiri watu, vililipa kodi, na vilimpa mfugaji fursa ya kumuuza punda mzee kwa bei nzuri. Mwenye kichinjio cha Naivasha alikwenda kortini, na Mei 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku. Kwa wenye punda lilikuwa pigo, na pia somo: ahadi ya waziri mlangoni mwa ofisi hainusuru kitu ikiwa haikujengwa vizuri kisheria.

Wakenya hawakuwa peke yao. Katika kijiji cha Balolé, Burkina Faso, wakazi waliochoshwa na harufu na maji machafu walikivamia kichinjio mwaka 2016, na mwaka huohuo serikali yao ikazuia kusafirisha ngozi nje. Ethiopia ilikifunga kichinjio cha Bishoftu mwaka 2017 baada ya wenyeji kukipinga. Kwa wengi wao, nyama ya punda ni mwiko wa dini. Sababu zilitofautiana, na kila mahali msukumo ulitoka chini.

Desemba 2022 wawakilishi wa serikali, watafiti na mashirika walikutana Dar es Salaam katika mkutano wa bara zima kuhusu punda. Tanzania yenyewe ilikuwa na vichinjio Dodoma na Shinyanga, na uamuzi wake wa kusimamisha uchinjaji ulizipa nguvu sauti zilizotaka hatua ya pamoja. Hatimaye, Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliidhinisha kusitishwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Kazi iliyobaki

Azimio la Addis Ababa linamkinga punda dhidi ya kisu. Halisemi lolote kuhusu fimbo. Mtu aliyelala macho kumlinda punda wake asiibiwe anaweza kumrundikia mitungi 12 asubuhi yake na kumpandisha mlima. Wapo wanaosema kwamba waandamanaji wa mwaka 2020 walitetea mali na si mnyama. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inasahau mambo yalivyokwenda. Chama cha mwaka 1910 kilikuwa na huruma bila wenye punda, na miaka 100 baadaye migongo ilikuwa bado na vidonda. Vikundi vya Mwea vilianza na maslahi ya mwenye punda, na kupitia maslahi hayo kitambaa kikawekwa chini ya kamba. Huruma iliyopita mfukoni mwa mchukuzi ilifika mbali kuliko iliyopita mahakamani, na ilipofika wakati wa kupigania uhai wa mnyama, ilikuta watu wameshajipanga.

Punda anayetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 30 na zaidi. Mtoto wa punda aliyezaliwa mwaka 2024 atakuwa bado anavuta mkokoteni mwaka 2039, muda wa azimio utakapokwisha na wanunuzi wa ngozi watakapobisha hodi tena. Serikali zitakuwa zimebadilika mara kadhaa kufikia hapo. Kama vikundi vya vijijini vitakuwa bado vinakutana, vinaandika hesabu zao na kuwafundisha vijana kufunga matandiko, mawaziri wa wakati huo watakuta watu wa kuwajibu. Vikivunjika, azimio litabaki karatasi yenye tarehe ya kuisha.