Shule Iliyoanzia Kanisani

Mara nyingi twasikia wazazi wakisema, "Mtoto wangu ana sauti nzuri, lakini nani atamfundisha? Shule ya namna hiyo hatuna." Kwa ajili ya neno hilo twataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa Marekani.

Jina lake aliitwa Dorothy Maynor. Alizaliwa mwaka 1910 huko Norfolk, katika jimbo la Virginia, binti wa mchungaji wa Kimethodisti. Alianza kuimba kanisani kwa baba yake, kisha akasoma Hampton, chuo kilichowekwa kwa ajili ya watu weusi walioachwa huru kutoka utumwani. Hata mwaka 1939 akaimba mbele ya Koussevitzky, mkuu wa wapigaji muziki wa Boston, naye akastaajabu sana. Tangu hapo sauti yake ikajulikana mbali.

Lakini mlango mmoja haukufunguka. Katika Metropolitan, jumba kubwa la opera la New York, hakuna mwimbaji mweusi aliyepewa nafasi katika mchezo mpaka mwaka 1955, alipoingia Marian Anderson. Maynor hakupata kuimba katika mchezo wo wote pale.

Mwaka 1963 akaacha kuimba hadharani. Mumewe, Shelby Rooks, alikuwa mchungaji katika Harlem, mtaa wa New York wenye watu weusi wengi, na wengi wao maskini. Je, Maynor alingoja kujengewa shule? La. Mwaka 1964 alichukua nafasi iliyokuwako katika nyumba ya kanisa, wakaja watoto kama 20, naye mwenyewe akawafundisha kinanda. Baadaye wakaongezwa walimu wa kuimba, wa kucheza dansi, wa kuigiza na wa kuchora. Mmoja wao, Arthur Mitchell, mwaka 1969 aliunda kundi la wachezaji, Dance Theatre of Harlem, lililopata sifa katika nchi nyingi.

Maynor alipostaafu mwaka 1979, wanafunzi walikuwa wamefika kama 1,000. Na lile jumba lililomfungia mlango? Mwaka 1975 lilimweka katika baraza lake, mtu mweusi wa kwanza kuketi humo.

Hatusemi kwamba njia ilikuwa laini. Mwaka 2010 shule ilifungwa kwa muda kwa kukosa fedha, ikafunguliwa tena kwa msaada wa watu. Kazi ya namna hii yataka kutunzwa kila mwaka, kama shamba.

Basi na tujiulize: Katika kijiji chetu hakuna chumba kinachokaa kitupu siku sita? Hakuna mzee ajuaye ngoma, wala mama ajuaye nyimbo? Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto hukua upesi. Tukingoja jengo kubwa, litakapokwisha kuezekwa yeye atakuwa mtu mzima, na kipawa chake kimelala.