SEHEMU YA 4: Jeshi la kwanza la mtoto, na habari ya askari wa risasi

 

Tunaendelea na mfululizo wetu wa vitu wanavyochezea watoto na vilikotoka. Leo ni askari wadogo. Wengi mmeniuliza inbox: mtoto ameona kwenye simu watu wanapanga askari mezani, wanarusha dadu, wanapigana vita, na yeye anataka jeshi lake. Aanzie wapi?

Swali hili mimi lilinikuta nyumbani, na nilianza vibaya. Ngoja niwaambie ukweli.

Mwanangu wa miaka 11 alikuja na askari mmoja mzito, anang'aa, kama urefu wa kidole. Nikamsifia. "Umetengeneza mwenyewe? Hongera baba!" Siku ya tatu narudi zamu ya usiku, namkuta mdogo wake wa miezi 14 amekaa mkekani ananyonya kichwa cha yule askari. Nikauliza vizuri sasa. Kumbe kuna kijana jirani alipasua betri kuukuu ya sola, wakayeyusha risasi kwenye kopo la samaki, wakamimina kwenye kalibu ya udongo. Na jiko walilotumia ni lile lile ninalopikia uji.

Mimi, nesi, nilikuwa nimesifia sumu.

Nilimpeleka mdogo kwa daktari, akamkagua, akapima wingi wa damu, akaniambia nimfuatilie. Mpaka leo anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Ila usiku ule sikulala, nikaanza kusoma hawa askari walitoka wapi. Ndiyo haya ninayowaletea.

VITU VIDOGO VYENYE MAANA KUBWA

Tuanzie hapa kwetu. Speke na Grant walipofika Karagwe mwishoni mwa 1861 walipokelewa na Mukama Rumanyika. Stanley naye alikuja 1876, akaandika habari za nyumba ya hazina ya Rumanyika iliyokuwa na sanamu ndogo za shaba, zikiwemo za bata na za ng'ombe. Wapo pia ng'ombe wadogo wa chuma wa Bweranyange, ambao simulizi zinawahusisha na Ndagara, baba yake Rumanyika. Vile havikuwa vya kuchezea, vilikuwa heshima ya ufalme. Lakini vinatuonyesha kwamba wahunzi wa nchi hii walijua kukiweka kitu kikubwa ndani ya kitu kinachoenea kiganjani.

Na vita vya mezani je? Bao si vita? Mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na 32 zake. Ukiteka kete za mwenzako huzitupi, unazipanda upande wako na zinakupigania. Babu zetu walikaa chini ya mti wakipiga hesabu za vita bila mtu kutoka damu.

Wahindi nao, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, walikuwa na mchezo wa majeshi manne ubaoni: waendao kwa miguu, farasi, tembo na magari ya kukokotwa. Huo ndio uliozaa sataranji.

KUTOKA KWA MAOFISA HADI KWA WATOTO

Mwaka 1812 huko Prussia, bwana mmoja aitwaye von Reisswitz alimtengenezea mfalme meza ya vita, yenye vipande vya ardhi vya kupanga na kupangua. Mwanawe akaboresha, na mwaka 1824 akatoa kanuni zake: ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu za kuamua nani kaumia, na mwamuzi. Maofisa wa jeshi wakaufanya somo.

Wakati huo huo watoto wa Ulaya walishakuwa na askari bapa wa bati. Mwaka 1893 kiwanda cha William Britain cha London kikagundua namna ya kumimina askari mwenye uwazi ndani. Madini yakapungua, bei ikashuka, askari wakaingia nyumba nyingi. Madini yenyewe? Risasi. Na juu yake rangi, ambayo enzi zile nayo mara nyingi ilikuwa na risasi.

Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kucheza na askari hao sakafuni, na mizinga midogo ya springi inayorusha vijiti. Wells alisema wazi kwamba afadhali vita hivi vidogo kuliko vile vikubwa. Mwaka mmoja tu baadaye vita kuu ikaanza, na Juni 1915 ilifika mpaka Bukoba: Waingereza walivuka ziwa, wakaangusha mnara wa mawasiliano wa Wajerumani, na mji ukaporwa. Mchezo wa sakafuni London, na kilio cha kweli Bukoba, vimepishana miaka miwili.

Askari wa risasi waliendelea kutengenezwa. Kiwanda cha Britain kiliacha mwaka 1966, plastiki ikachukua nafasi. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 70 vichwa vile viliingia midomoni mwa watoto.

KWA NINI NESI ANALIA NA RISASI

Kiswahili chetu kina jambo. Kile kinachotoka kwenye bunduki na madini yale laini mazito, vyote tunaita risasi. Na vyote vinaumiza mtoto, tofauti ni kwamba hii ya pili haina mlio.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Inagusa ubongo: kujifunza, kutulia, kukumbuka. Inaleta upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, choo kigumu. Na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote mapema. Kuyeyusha ndiyo mbaya zaidi, maana moshi na vumbi vinabaki jikoni, kwenye nguo, kwenye mikono. Betri kuukuu ya gari au ya sola isipasuliwe nyumbani kwa sababu yoyote. Kama mtoto wako amechezea, mpeleke kituoni, na umweleze mhudumu wazi kilichotokea. Usione aibu. Mimi sikuona.

SASA, JESHI LA KWANZA LINAJENGWAJE?

Sikumkataza mwanangu mchezo, nilikataza risasi. Tulianza upya, na haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Anza na wachache. Askari 10 kila upande wanatosha. Kosa la wengi ni kutaka 100 siku ya kwanza, wanaishia na rundo la udongo uliopasuka. Maliza 10, cheza nao, ndipo uongeze.

2. Chagua kisa kimoja. Usichanganye kila kitu ulichokiona kwenye simu. Mwenye kisa anajua askari gani anahitaji na nani hahitajiki.

3. Kipimo kimoja. Askari wa dukani wengi ni kama sentimita 3. Sisi tulikubaliana sentimita 4, kwa sababu udongo mwembamba unavunjika. Muhimu wote walingane.

4. Tumia vya kwetu. Udongo wa mfinyanzi, ukaushwe kivulini taratibu. Maganda makavu ya mgomba yanafaa kwa nguo na ngao. Kizibo cha soda kiwe kitako ili askari asianguke. Wa plastiki wa dukani ni wazuri ila bei yake, jamani, ada ya shule kwanza.

5. Rangi tatu tu, ziwe zile za maji za shuleni. Rangi ya kopo iliyobaki ya mlango usiitumie, hujui ina nini.

6. Kanuni ziingie kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Askari anatembea umbali gani, dadu ikitoka ngapi anaanguka, mchezo unaisha lini. Mkubaliane KABLA ya kuanza, la sivyo vita vinahamia kwa wachezaji.

7. Mtoto chini ya miaka 3 asikaribie. Chochote kinachopita kwenye kile kiini cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Mkimaliza, hesabu askari wote, rudisha kwenye kopo lenye mfuniko, nawa mikono.

SWALI LA MAMA MKWE

Nilidhani tumemaliza. Siku hiyo wamepanga jeshi barazani, mama mkwe akasimama anaangalia. Yeye ni mzaliwa wa upande wa Kyaka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipoingia alikuwa binti, na walikimbia na walichoweza kubeba kichwani. Daraja la Kyaka likalipuliwa mwanzoni mwa Novemba. Vita ile iliendelea mpaka Kampala ilipochukuliwa tarehe 11 Aprili 1979, na zaidi.

Akamuuliza mjukuu wake, "Na watu wa hapo wako wapi?"

"Watu gani bibi? Hawa ndio askari."

"Wenye hiyo nchi. Wenye migomba. Ng'ombe wao wako wapi?"

Mtoto hakuwa na jibu. Jioni ile bibi alimsimulia mambo ambayo hata mume wangu hakuwahi kuyasikia kwa mama yake. Kesho yake nikakuta mezani kuna ng'ombe wanne wa udongo wenye pembe ndefu, mama mwenye mzigo kichwani, na mtoto mgongoni. Na kwenye daftari kuna kanuni mpya: anayeangusha mtu wa kijiji ameshindwa mchezo hapo hapo, hata kama ana askari wengi.

Mama zangu, hiyo ndiyo namba 8 yangu. Mwanao akijenga jeshi, mwambie ajenge na kijiji. Na kama nyumbani kuna mzee aliyeiona vita, mwiteni akae karibu na meza.

Sehemu ya 5 ni kuhusu mpira wa maganda ya mgomba. Kama umewahi kuchezea risasi ya betri utotoni, niandikie hapo chini, tufundishane. Usiku mwema.