Kidonge kinachodunga dawa tumboni: Kinafanyaje kazi, na kitamfaa nani Gitega na Muyinga?

Tangu Januari 1922, kijana Leonard Thompson alipodungwa insulini mjini Toronto, Kanada, mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza ameishi kwa sindano. Insulini ni protini. Ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage, nayo hupoteza nguvu kabla ya kuingia kwenye damu.

Watafiti sasa wanajaribu kuificha sindano yenyewe ndani ya kidonge.

Muundo unaojulikana zaidi ulichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science na timu ya Robert Langer na Giovanni Traverso wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), wakishirikiana na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Swali gumu halikuwa dawa, bali mwelekeo: kidonge kikishaanguka tumboni, sindano itaujuaje ukuta ulipo?

Jibu lilitoka kwa kobe mwenye madoa kama ya chui, mkazi wa nyika za Tanzania na Kenya, ambaye umbo la gamba lake humsaidia kujigeuza akipinduka. Kidonge hicho, chenye ukubwa wa punje ya njegere, kikapewa mgongo wa kuba na kitako kizito. Hata kikianguka kichwa chini, hujiinua na kukaa sawasawa.

Ndani yake mna springi iliyozuiwa na kipande cha sukari. Majimaji ya tumbo yakiiyeyusha sukari, springi hufyatuka na kuichomeka sindano kwenye ukuta wa tumbo, ambao hauhisi mchomo kama ngozi. Katika toleo la kwanza, ncha ya sindano ilikuwa insulini yenyewe, iliyokaushwa na kushindiliwa. Toleo la mwaka 2021 lilibeba dawa ya maji na kufikisha hadi miligramu 4 mwilini mwa nguruwe. Baada ya kudunga, sindano hurudi ndani ya kidonge, nacho hutoka kwa njia ya haja kubwa.

Mwaka 2024 sindano iliondolewa kabisa. Kwa kumwiga ngisi anavyofyatua maji, vifaa vipya vilirusha dawa kwa kasi hadi ikapenya ukuta wa tumbo au utumbo wa wanyama, hadi mikrolita 80 kwa mara moja. Rani Therapeutics ya California imechagua njia nyingine: puto dogo linalojaa gesi katika utumbo mwembamba na kusukuma sindano. Chombo chake kimekwisha kujaribiwa kwa binadamu.

Hata hivyo, hakuna hata kimoja kati ya vidonge hivi kilichoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida.

Kwa mgonjwa wa Burundi, sindano ni nusu tu ya mzigo. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, katika nchi ambayo takriban mtu 1 kati ya 10 ndiye mwenye umeme. Gitega, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, una ubaridi wake, na chupa iliyokwisha kufunguliwa hustahimili takriban wiki nne nje ya jokofu. Lakini akiba ya kituo cha afya huko Muyinga, iliyosafirishwa kwa barabara ya Karuzi, bado inadai jokofu. Kidonge chenye dawa ya maji hakiondoi sharti hilo. Ile insulini iliyokaushwa ndiyo yenye matumaini zaidi hapa, ingawa haikupewa sifa nyingi kama ngisi.

Kuna jambo jingine. Mwenye kisukari aina ya kwanza hubadilisha kipimo kulingana na chakula na sukari iliyomo mwilini siku hiyo, ilhali kidonge hubeba kipimo kilekile, na chakula tumboni huweza kukizuia kuufikia ukuta. Kwa hiyo huenda wa kwanza kunufaika wasiwe wao, bali wanaotumia dawa zenye dozi isiyobadilika, kama adalimumab ya baridi yabisi, iliyokuwa miongoni mwa dawa zilizojaribiwa mwaka 2021.