Njia ya Majani

Nilikulia Marangu, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kutoka lango la hifadhi, na mpaka nafikisha miaka 24 nilikuwa sijawahi kupanda Kilimanjaro. Watu wa Dar es Salaam nikiwaambia hivyo hucheka. Lakini kwetu mlima ulikuwa mahali pa kazi. Baba mdogo alikuwa mgumu, yaani mpagazi, na aliporudi kutoka juu alilala siku mbili. Hakuna aliyemwuliza kama mandhari ilikuwa nzuri.

Mwaka 2021 nilipata nafasi. Tulipanda na kushuka kwa siku sita. Niliporudi nyumbani, midomo imepasuka na kucha mbili za miguu zimekuwa nyeusi, bibi alinitazama akaniuliza swali moja tu:

"Mlipita njia ipi?"

"Njia ya Marangu, bibi."

"Marangu ni hapa tulipo. Nakuuliza njia."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma karibu kila nilichoweza kupata kuhusu njia ile, na bado sikuwa na jibu.

Nilichosoma ni hiki. Tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, walifika kilele cha Kibo. Meyer alikipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, na akachukua jiwe la kumpelekea huko Ujerumani. Ndiyo safari inayohesabiwa kuwa ya kwanza kufika juu, na njia waliyoanzia kwetu ndiyo mama wa hii wanayopita wageni leo.

Ukisoma polepole, unaona safari ile ilikuwa na watu wengi zaidi ya wawili. Kulikuwa na Mangi Marealle wa Marangu, aliyewapokea. Bila ruhusa yake wasingepita. Kulikuwa na Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki nao kwenye kambi ya juu, kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hakuzaliwa nayo, akipika na kulinda hema wao wakipanda. Na kulikuwa na Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu anayekumbukwa kwetu kuwa ndiye aliyewaongoza. Sherehe za miaka 100 ya safari hiyo zilipofanyika mwaka 1989, Lauwo alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1996, akisemekana kuwa na zaidi ya miaka 120. Watu wanabishana kuhusu umri wake na kuhusu alifika wapi hasa. Mimi swali langu ni dogo zaidi: kijana yule alijuaje pa kupita msituni?

Alijua kwa sababu njia zilikuwepo. Wachagga hawakuwa na haja ya kufika kileleni. Johannes Rebmann alipofika nchi hii mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri kutoka pwani, alisimuliwa habari za watu waliotumwa kwenda kuangalia kile cheupe kilichong'aa juu. Wengi hawakurudi, na aliyerudi alirudi na viungo vilivyoharibiwa na baridi. Kwa hiyo hawakwenda juu kabisa. Lakini msituni waliingia kila siku. Wawindaji waliingia, warina asali waliingia, wanaume wa ukoo waliingia kusafisha vyanzo vya mifongo, mifereji inayoteremsha maji kutoka makorongoni hadi vihambani. Na wanawake waliingia kukata majani, maana ng'ombe wa Mchagga halishwi malishoni. Anafungwa zizini, na majani humfuata aliko, kichwani mwa mwanamke.

Siku ya kwanza ya safari yetu sikuyafikiria hayo. Nilihesabu hatua na kusoma mabango. Langoni niliona kumbukumbu ya Meyer na kumbukumbu ya Lauwo. Jioni tulifika Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Kesho yake tukafika Horombo, mita 3,720. Njiani tulipita mahali ambapo vichaka vilikuwa bado ni vijiti vyeusi, na majani mapya yakichipua chini yake. Huo ulikuwa moto wa Oktoba 2020. Nilikumbuka tulivyouona usiku kutoka nyumbani, mstari mwekundu ukitambaa. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi, wapagazi, wanakijiji wenye matawi mikononi.

Majina ya vituo hivi yana historia yake. Wakati wa Wajerumani cha kwanza kiliitwa Bismarck na cha pili Peters. Huyo Carl Peters alikuwa kamishna wa serikali yao hapa Kilimanjaro mwaka 1891, na kwenye kituo chake alimnyonga mtumishi wake na msichana wa Kichagga. Mwaka 1897 hata serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi. Lakini jina lake lilibaki mlimani miaka mingi, na wapagazi wa Kichagga walikuwa wakipanda na mizigo ya wageni kwenda kulala kwa Peters.

Baada ya uhuru majina yakabadilishwa. Mandara alikuwa Mangi wa Moshi, ambaye pia aliitwa Rindi. Horombo alikuwa Mangi wa Keni, mpiganaji aliyeitiisha Rombo kabla Rebmann hajafika. Kileleni nako, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika, na jina la Kaiser likawa Uhuru. Nilipofika pale, mita 5,895, nililia kidogo, na sioni haya kusema. Lakini ili ufike Uhuru kwa njia yetu unapita kwanza Gillman's Point, jina la mhandisi wa reli, kisha Stella Point, jina la mke wa mpandaji mmoja wa miaka ya 1920. Hakuna popote nilipoona jina la mkata majani.

Kuna historia nyingine ya njia hizi ambayo haimo katika vitabu vya wapandaji. Hiyo imo katika ramani za mipaka. Wajerumani walianza kuutenga msitu, na mwaka 1921 Waingereza wakautangaza kuwa hifadhi ya msitu. Watu waliongezeka, vihamba vikajaa, kuni zikawa haba. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu, mita 800 hivi kwenda juu, ili wananchi wapate kuni na majani na kupanda miti. Bibi alizaliwa miaka hiyo hiyo. Yeye haujui kwa jina la nusu maili wala kwa tarehe. Kwake ni "kule tulikokuwa tunakata".

Mwaka 1973 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, ikafunguliwa rasmi 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hifadhi ile ya kwanza ilianzia mita 2,700 kwenda juu. Ilishuka msituni kwa vidole sita tu, shoroba sita, na shoroba hizo ndizo zilizobeba njia za kupandia. Fikiria ramani hiyo. Kwa zaidi ya miaka 30, mgeni na bibi yangu walipita msitu mmoja: mgeni ndani ya ushoroba, bibi pembeni yake na mzigo wa majani. Baba mdogo, akiwa na kilo 20 za mgeni mgongoni, alipita ndani.

Mwaka 2005 msitu wote uliunganishwa na hifadhi, pamoja na ule ukanda wa nusu maili. Sababu zilikuwepo, na sitaki kuzificha. Uchunguzi wa kutoka angani wa mwaka 2001 ulionyesha magogo yaliyokatwa kwa wizi, matanuri ya mkaa, mashamba ndani ya msitu. Msitu huu ndio unaokamata maji yetu. Mfongo wa ukoo wetu ukikauka, hakuna wa kumlaumu kileleni. Hilo bibi analielewa kuliko mimi. Asicholielewa ni kwa nini aliyekata gogo kwa msumeno na aliyekata majani kwa mundu walihesabiwa katika hesabu moja. Kamba yake ya kufungia majani aliikunja akaitundika nyuma ya mlango wa zizi. Ng'ombe walikuwa wawili, akabaki na mmoja.

Jioni ile ya swali lake nilimwonyesha picha kwenye simu. Alizipitia haraka zile za barafu. Akasimama kwenye picha moja ya siku ya kwanza, daraja dogo juu ya kijito msituni, akaikuza kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha.

"Hapa mlivuka maji."

"Ndiyo."

"Haya. Juu ya hapo, mkono wa kushoto, kuna jiwe la kupumzikia. Unaegesha mzigo bila kuushusha kichwani. Umeliona?"

Sikuliona. Nilikuwa nimepita pale nikiangalia saa ya mkononi inayohesabu hatua.

Asubuhi yake tulitoka pamoja kabla umande haujakauka. Tulifuata mfongo kwenda juu, yeye mbele na mundu, mimi nyuma na ile kamba, kucha zikiniuma. Tulipita isale zilizopandwa mipakani mwa vihamba, mmea ambao kwetu ukimpelekea mtu aliyekukasirikia, hana budi kukusikiliza. Tulipofika kwenye bikoni ya hifadhi, bibi alisimama. Upande wa pili njia iliendelea, nyembamba, imefunikwa na magugu, lakini ukijua pa kutazama unaiona inavyopinda kushoto kuelekea kwenye maji.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Sisi tulikuwa tunaiita njia ya majani."

Kisha akageuka, akainama, akaanza kukata upande wetu.