Kitabu cha Migomba Kilitangulia Kishikwambi

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 vilipogawiwa walimu, wengi tulisema serikali sasa imepeleka teknolojia shuleni. Wazee wa Bukoba na Muleba waliopitia madarasa ya ngumbaru wanajua kuwa jambo hili lilianza zamani, kwa kitabu chembamba, redio na mwalimu wa kijijini.

Mwaka 1968 serikali, ikisaidiwa na UNESCO na UNDP, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ndiyo Kagera ya leo. Kitabu kilifuata kazi ya msomaji. Wakulima wa pamba walisoma habari za pamba, wavuvi za uvuvi, na penye migomba ikasomwa migomba.

Hapo ndipo palipokuwa na busara kubwa. Mhaya amezaliwa kibanjani, shambani mwa migomba. Haelezwi mgomba ni nini. Neno lililoandikwa ubaoni jioni lilikuwa la kitu alichokishika asubuhi. Ila lilikuwa neno la Kiswahili. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, na kwa miaka mingi watu wa Buhaya walijifunza kusoma misheni, dini ikifundishwa kwa lugha ya wenyeji. Kwa hiyo mama wa Kamachumu aliyeketi kwenye benchi la kisomo alijifunza herufi na lugha ya taifa kwa pamoja, baada ya kutwa nzima ya jembe. Sijui mwanafunzi wa leo mwenye mzigo kama ule.

Waliomfundisha wengi hawakuwa walimu wa taaluma. Walikuwa wanakijiji waliopewa semina fupi na posho ya shilingi 30 kwa mwezi.

Redio nayo ilifanya kazi yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote (UPE), redio, masomo kwa posta na semina za vyuoni vikatumika kuwaandaa walimu wa UPE, vijana waliohitimu darasa la saba, waliofundisha huku wenyewe wakisoma. Walibezwa sana, na kwa maoni yangu walionewa: bila wao watoto wengi wasingemwona mwalimu kabisa.

Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma wamebaki takriban asilimia 10. Kisha uchumi ulipoyumba, vitabu na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho yakaadimika, na aliyejua kusoma akakosa cha kusoma.

Leo walimu wanakutana shuleni kwa MEWAKA, mafunzo endelevu kazini, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwalimu amerudi kwenye benchi la yule mama: anafundisha lugha ambayo naye bado anaijenga. Kishikwambi kitamfaa kikiwa na masomo yanayomhusu, na mtu wa kumfuatilia.

Nawe msomaji, kama babu au bibi yako alihifadhi kitabu chake cha kisomo, usikiache kiliwe na mchwa. Kipeleke maktaba ya mkoa, Bukoba.